Ratili Arobaini na Tano za Verna Koskela

Verna Koskela alikuwa na miaka hamsini na sita siku alipoambiwa kwa simu, na mwanamke asiyemjua, kwamba figo zake ni nzuri sana ila mwenyewe amezidi.

Mwanamke yule alikuwa mratibu wa wachangiaji figo katika hospitali kubwa ya kusini, ng'ambo ya daraja refu la ziwani, na habari hiyo aliisema kwa upole kama mtu aliyekwisha kuisema mara nyingi. "Vipimo vyako na vya mdogo wako vinaoana vizuri mno. Lakini kwa uzito huu madaktari hawatakupasua. Punguza ratili arobaini na tano, kisha utupigie."

"Arobaini na tano?" Verna akauliza. "Huyo si mbwa mzima?"

Alikuwa amekaa kwenye lori la kaunti, kando ya barabara, na mkononi ana pasti, andazi la kuokwa la nyama na viazi, iliyobaki nusu. Simu ilipokatika akaitazama ile pasti. Kisha akaimaliza, maana kwao chakula hakitupwi, na pia kwa sababu alikuwa na hasira na hakuona kingine cha kufanya nayo.

Kwa miaka ishirini na miwili Verna alikuwa akiendesha lori lenye jembe kubwa la chuma mbele, akisukuma theluji kwenye barabara za kaunti kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kiangazi alikuwa akiziba mashimo. Alikuwa mpana kama marehemu baba yake, mwenye mikono ya kushika usukani wakati upepo wa ziwani unataka kukutupa mtaroni, na hakuna aliyewahi kumcheka mbele ya uso wake. Hakuwahi kuolewa. Aliishi Hemlock Siding, bondeni, katika nyumba aliyoijenga baba yake, yeye na mama yake Impi wa miaka themanini na minne.

Reino, mdogo wake wa pekee, aliishi njia panda, akitengeneza misumeno ya moto ya wakata miti. Miaka mingi Reino aliambiwa ana shinikizo la damu, na miaka mingi akajibu kwamba shinikizo lake linatokana na wateja. Mwishowe figo zote mbili zikachoka. Sasa siku tatu kila wiki alikwenda Marquette, maili sitini, akalazwa kwa saa nne damu yake ikisafishwa kwa mashine, kisha akarudi nyumbani rangi ya majivu na kulala na viatu.

Basi Verna akaanza kupunguza. Alikunywa supu ya kabichi wiki mbili mpaka mama yake akafungua madirisha, na nje ni baridi kali. Alitembea kwenye ukumbi wa shule pamoja na wazee wa kanisa, mzunguko baada ya mzunguko. Akapoteza ratili tisa, na kabla ya majani kumalizika kupukutika zikarudi kumi na moja.

Jumamosi moja tangazo likamtokea kwenye simu, alipokuwa akisubiri nguo zikauke kwa dobi wa mashine: dawa ya kupunguza uzito, sindano moja kwa wiki, inaletwa mlangoni. Akajaza fomu. Kimo, uzito, anwani, namba ya kadi ya benki. Dakika tatu hazikuisha, kioo cha simu kikajaa rangi: hongera, umekubaliwa!

Jumatatu akaenda kununua dawa za mama yake kwa Duane Trudell. Duane alikuwa na duka la dawa la pekee pale mjini, na alijua magonjwa ya kila nyumba bila kuyataja. Verna akamwambia ile habari kwa furaha.

Duane akaweka chupa mezani. "Nani amekuona?"

"Hakuna aliyeniona. Nimejaza fomu."

"Wamekuuliza habari za nyongo? Kongosho? Dawa unazokunywa?"

"Wameniuliza natamani kuvaa saizi gani."

Verna alitegemea acheke. Duane hakucheka. "Sikiliza, Verna. Kumwona daktari kwenye video ni kitu kizuri, hasa kwa sisi huku ambako daktari wa mambo haya yuko mbali. Mimi mwenyewe mgongo wangu unatibiwa hivyo. Lakini huyo daktari awe na uso, awe na jina, awe na leseni ya jimbo hili, na akuulize maswali mpaka umchukie. Hao wako ni wauzaji. Futa hiyo oda, kisha waombe watu wa figo wakupe mtu."

"Na kama atanikataa?"

"Basi atakuwa amekuangalia."

Akaifuta palepale, Duane akimwonyesha mahali pa kubonyeza, kwa kuwa walikuwa wamepaficha. Mratibu wa figo akampa jina la Dakta Yolanda Prewitt wa Saginaw, aliyetibu watu wenye tatizo la uzito kwa video jimbo zima. Kliniki ya Marquette ingemwona Mei. Dakta Prewitt angemwona Jumatano ya wiki ile ile.

Tatizo likawa mtandao. Nyumba ya Koskela imekaa bondeni, na simu humo ndani ni kama kipande cha ubao. Mahali pekee panapokamata ni juu kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba, na juu ya kilima kile kuna kitu kimoja tu, sauna ya marehemu baba, kibanda cha mbao cha kuogea mvuke. Jumatano saa nane mchana Verna alikuwa kwenye chumba cha kuvulia nguo, amekaa benchini na koti lake la kazi, simu ameiegemeza kwenye rundo la kuni.

Uso wa mwanamke mwenye mvi fupi na miwani ukatokea. "Bi Koskela, habari za mchana. Samahani, nyuma yako ni nini, taulo?"

"Taulo, daktari. Niko kwenye sauna."

Daktari akasogea karibu na kioo. "Umevaa lakini?"

"Nimevaa koti na buti! Haijawashwa. Ni mtandao tu, ndiyo unapatikana huku."

Dakta Prewitt akacheka mpaka akavua miwani. Baada ya hapo haikuwa vigumu kuzungumza naye. Alimwuliza mambo ambayo Verna hajawahi kuulizwa na mtu: uzito ulianza kupanda mwaka gani na mwaka huo kulitokea nini, anakula nini saa kumi alfajiri kabla ya kuwasha lori, akila, anashiba, au anaacha tu kwa sababu sahani imekwisha? "Sidhani kama nakujua kushiba," Verna akasema.

"Unakoroma?"

"Mama yuko chumba cha pili. Anasema ananisikia kama lori liko ndani."

Mfuko wa nyongo ulishatolewa zamani. Kongosho haikuwahi kumsumbua. Kisha daktari akauliza, kwa sauti ile ile, "Kuna mtu yeyote kwenye ukoo aliyewahi kuwa na saratani ya tezi ya shingo?"

"Mama mkubwa Hilja," Verna akasema. "Dada yake mama. Kwenye picha ana kitu shingoni, hapa. Alikufa kabla sijazaliwa."

"Kilikuwa kitu gani?"

"Hatujui. Mama hamtaji."

Dakta Prewitt akaweka kalamu chini. "Kuna aina moja ya saratani ya tezi, ikiwa imo kwenye ukoo, dawa hii mimi siandiki. Ni aina ya nadra, na huenda si hiyo. Lakini leo sitakuandikia, Bi Koskela. Tafuta alikufa na nini."

Verna akainyanyua simu kutoka kwenye kuni. "Mdogo wangu yuko kwenye mashine, daktari. Wale wa tangazo walinikubalia kwa dakika tatu."

"Najua. Mimi nimekaa na wewe dakika arobaini, na bado sijakukubalia." Hakusema kwa kejeli. "Rudi kwangu Jumatano ijayo. Nafasi yako naishikilia."

Jioni ile, baada ya chakula, Verna akammiminia mama yake kahawa na kumwuliza. Impi alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, asiyependa maneno mengi. Tangu habari ya figo iingie nyumbani alikuwa amepunguza hata yale machache. Verna alidhani ni uzee.

"Ya nini kumfukua marehemu?" Impi akasema.

"Daktari anataka kujua, mama. Kuhusu shingo yake."

Impi akazungusha kikombe. Akasema kwamba ilikuwa rovu. Enzi zile wanawake wengi wa huku walivimba shingo, haikuwa ajabu. Lakini Hilja alikuwa msichana wa kujipenda, akawa anavaa skafu hata Julai. Daktari akamwambia linatolewa. Hilja akaogopa.

"Mimi ndiye niliyemsukuma," Impi akasema. "Nilimwambia, acha woga, wenzako wanatolewa na baada ya wiki wako nyumbani wanakamua ng'ombe. Nikapanda naye basi. Nikakaa kwenye benchi pale nje, nafuma soksi. Soksi moja nikaimaliza. Ya pili nikafika kisiginoni, wakatoka kuniambia."

Verna hakuwahi kusikia hata neno moja la hayo.

"Na sasa wewe," Impi akaendelea, "wewe nawe unataka kulala juu ya meza kwa ajili ya ndugu yako. Na yeye alale ya pili. Halafu mimi nikae tena kwenye benchi."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema nini? Reino naye si mwanangu?"

Verna akaweka mkono wake mkubwa juu ya ule mdogo, na safari hii mama yake hakuutoa. Kisha Impi akainuka, akaingia chumbani, ikasikika droo moja ikivutwa, na nyingine, akarudi na bahasha ya manjano. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo na barua ya hospitali ya mwaka 1966. Verna akaisoma mara mbili chini ya taa. Rovu la kawaida. Nyama iliyotolewa ilipimwa, haikuonekana saratani. Mgonjwa alifariki kwa kutokwa na damu baada ya upasuaji.

"Nataka kumwona huyo daktari wa kwenye simu," Impi akasema.

Jumatano iliyofuata theluji ilikuwa imefika magotini. Verna akachonga njia kwa koleo mpaka kilimani, akampandisha mama yake hatua kwa hatua, akamkalisha benchini na blanketi. Akamwonyesha Dakta Prewitt zile karatasi, moja moja, karibu na kamera. Daktari akazisoma taratibu, akaomba aonyeshwe ya pili tena.

"Sawa," akasema. "Hii inanitosha. Pole sana kwa dada yako, mama."

Impi akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo. "Wewe ndiye daktari?"

"Ndiye mimi, mama."

"Unamwandikia mwanangu dawa ili akapasuliwe."

"Namwandikia dawa kwa ajili ya afya yake. Kupasuliwa ataamua mwenyewe, na wale wa figo. Lakini ndiyo, najua anakoelekea."

"Wangapi hawarudi?"

Verna akafungua mdomo, daktari akainua kiganja kidogo. "Wachache sana, mama. Siku hizi damu wanaizuia kwa njia ambazo wakati wa dada yako hazikuwapo, na mtoaji figo anapimwa kuliko mgonjwa yeyote. Lakini siwezi kukuambia hakuna kabisa."

"Ungesema hakuna, ningejua u mwongo," Impi akasema, akajiegemeza ukutani. "Haya, mwandikie. Na goti langu hili, unaweza kuliona kutoka huko?"

Bima ya kaunti ikakataa mara ya kwanza. Dakta Prewitt akawaandikia barua ya kurasa mbili, nao wakakubali mara ya pili. Duane akapata kalamu za sindano wiki moja kabla ya Krismasi, akamfundisha Verna kujichoma tumboni, Ijumaa kwa Ijumaa. Sindano yenyewe haikuuma. Kilichofuata ndicho kilichouma.

Wiki za mwanzo alikuwa na kichefuchefu kama yuko majini. Alicheua harufu ya mayai viza. Asubuhi moja ya Januari, theluji ikimwagika, ilibidi asimamishe lori, ateremke na kuinama kwenye ukingo wa barabara. Redio ikakoroma kutoka kwa wenzake: "Lori namba saba, mbona umesimama? Umekwama?"

Akapanda, akajifuta mdomo. "Sijakwama. Natapika."

"Ni mimba hiyo, Verna!"

"Ikiwa ni mimba ni yako, Gordy, jiandae kulea." Barabara nzima ya kaunti ikacheka kwenye redio, na kwa saa nzima iliyofuata kila mtu alikuwa akipendekeza jina la mtoto.

Katika kikao cha Februari alimwomba daktari aongeze kipimo ili mambo yaende upesi.

"Hapana," Dakta Prewitt akasema.

"Reino hana muda."

"Wewe ukilazwa kwa kuishiwa maji mwilini, atakuwa na muda mchache zaidi. Kula kidogo kidogo. Anza na nyama au yai, viazi baadaye. Maji kila ukisimamisha lori. Tukiona tumbo limetulia, ndipo tunapanda."

Tumbo likatulia. Na siku moja mwezi Machi kikatokea kitu ambacho Verna hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Aliweka pasti yake kwenye dashibodi saa tano, akala nusu, akaendelea na kazi. Saa tisa akiegesha lori gereji akaiona ile nusu, imepoa, iko palepale. Hakuwa ameizuia. Hakuwa amepigana nayo. Alikuwa ameisahau.

Akazima injini, akalia peke yake ndani ya lori mpaka vioo vikapata ukungu.

"Miaka yote nilidhani ni mimi," alimwambia Dakta Prewitt. "Nilidhani wenzangu wana nguvu fulani ya moyo ambayo mimi nilinyimwa. Kumbe wao walikuwa wanasahau tu. Wanakiweka chakula chini na kukisahau!"

"Wengi wao, ndiyo," daktari akasema. "Kwako wewe kulikuwa na kelele ya njaa kichwani mchana kutwa, na bado ukafanya kazi, ukatunza mama. Sijui ni wangapi wangeweza."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuutaja unene wake kama mzigo aliobebeshwa. Wengine wote walikuwa wameutaja kama kosa lake. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye ngazi akiyatafuna maneno yale.

Aliyefanya ugumu alikuwa Reino. Jumamosi Verna ndiye aliyempeleka Marquette na kumrudisha, na kadiri yeye alivyopungua ndivyo mdogo wake alivyonuna. Aprili, wakirudi, theluji imegeuka tope, Reino akasema akiwa ameelekea dirishani, "Suruali inakuvuka. Unatia aibu."

"Nitanunua mkanda."

"Nilikuomba mimi? Hata siku moja nilikuomba? Umeacha kula, unatapika barabarani, kila mtu anajua. Kila nikipita dukani naulizwa, dada yako amefikisha ngapi? Kama mnada."

"Waambie ishirini na sita."

"Sitaki figo yako, Verna."

Verna akaegesha gari kando. Vifuta kioo vikaendelea kwenda na kurudi. "Sema tena."

"Kama ikiniharibikia je? Kama nikifa nayo?"

"Ukifa nayo, itakuwa ndiyo mara yako ya kwanza kuwa na kitu kizima mwilini."

Reino alijitahidi asicheke, akashindwa, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kitu kingine. Akaficha uso kwenye kofia. "Naogopa, dada," akasema. "Si kwa ajili yangu. Naogopa usitoke, kisha nimtazame mama kwa macho gani."

"Mama ameshaongea na daktari," Verna akasema. "Alimhoji kama polisi. Wewe unaogopa nini ambacho yeye hajakiuliza?"

Akawasha gari. Alipoteremka njia panda Reino aligonga paa la gari mara mbili kwa kiganja, kama alivyozoea kufanya zamani, kabla hajaugua.

Mei uzito ukagoma. Thelathini na tatu, wiki tano, haushuki hata chembe. Verna akaanza kuruka chakula cha mchana kwa siri, na Dakta Prewitt akamgundua kwa kumwangalia tu. "Macho yako yamechoka. Umekula nini leo?" Akajaribu kudanganya, akashindwa. Daktari akamwambia mwili unaonyimwa chakula unakula misuli yake, na mtu wa kupasuliwa anahitaji misuli kuliko mtu yeyote. Akapandisha kipimo cha sindano, na akampa kazi ya kupanda kile kilima cha sauna mara tano kila jioni akiwa na ndoo mbili za maji. Impi alikaa kibarazani akihesabu, na aliiba. Verna akifika mara ya tatu, mama yake alipaza sauti, "Mbili!"

Katikati ya Agosti walivuka daraja, wote watatu, wakaenda hospitali ile ya kusini. Nesi akampandisha Verna kwenye mizani. Alikuwa amevua mkanda, saa na miwani. Namba zikacheza, zikatulia. Alikuwa amepunguza arobaini na saba.

"Mbili za ziada," Verna akasema. "Mwekeeni Reino, akitaka."

Tarehe ikapangwa ya mwanzo wa Oktoba. Sindano ilibidi zisimamishwe kabla, na njaa ikarudi. Ya kale, anayoijua, ikiwa na sauti yake yote. Lakini sasa aliitambua kuwa ni kelele, na hilo lilimsaidia kidogo. Siku nyingine halikumsaidia kabisa, na alikula vipande vinne vya keki ya karafuu ya mama yake akiwa amesimama. Alimwambia daktari. Daktari akasema asante kwa kuniambia.

Asubuhi ya upasuaji Impi hakukubali kusukumwa kwa kiti cha magurudumu. Alitembea na mikono yake miwili kwenye fremu ya kutembelea mpaka mahali pa kusubiria, akakaa, akatoa sindano za kufumia na uzi wa kijivu. Duane Trudell, aliyefunga duka siku hiyo na kuendesha gari kwa saa saba ili kizee asikae peke yake, alisema baadaye kwamba Impi hakuinua macho hata mara moja. Alimaliza soksi ya kwanza. Akaanza ya pili. Alikuwa amefika kisiginoni mlango ulipofunguliwa, na Duane alimwona mikono ikisimama hewani.

"Verna yuko sawa," daktari wa upasuaji akasema. "Ameamka. Ameuliza kama umekula."

Impi akashusha pumzi, akahesabu mishono yake, akaendelea kufuma, maana Reino alikuwa bado ndani.

Jioni yake, simu ya kitandani kwa Verna ililia. Alikuwa na kiu na maumivu, na kichwa kizito kwa dawa. Akaibana sikioni.

"Nimekojoa," sauti ya Reino ikasema.

"Nini?"

"Nimekojoa, Verna! Mfuko umejaa, wamebadilisha, umejaa tena! Nesi anasema hajaona kitu kama hiki. Miaka miwili sijapata hata kijiko. Ni kama umenifungulia bomba!"

Verna akaanza kucheka, na kucheka kulimwuma pale aliposhonwa, akamtukana, akamwambia nyamaza, utaniua, na Reino akawa anaendelea kumtajia vipimo, mililita kwa mililita, kama mtu anayesoma matokeo ya mpira.

Figo ilishika. Ilipofika Krismasi Reino alikuwa amenenepa mashavu na ameanza kugombana na wateja. Verna alirudiwa na ratili kumi na moja kati ya zile alizopoteza, na hakulificha hilo. Lilikuwa jambo la kwanza kumwambia Dakta Prewitt walipoonana tena kwenye video. Walizungumza kwa muda. Daktari alisema kuna wanaoacha dawa na kubaki walipo, ni wachache. Wengi wanaihitaji kama mtu anavyohitaji dawa ya presha, na hakuna aibu ndani yake. Alisema pia kwamba sasa Verna ana figo moja, kwa hiyo wataanza chini kabisa, watapima damu kila mwezi, na hawatakimbia.

"Safari hii si kwa ajili ya Reino," daktari akasema. "Kwa hiyo nakuuliza upya. Unaitaka dawa hii?"

Verna akafikiri. Nje theluji ilikuwa ikianguka taratibu, na zamu yake ilikuwa inaanza baada ya saa moja.

"Naitaka," akasema. "Ya kwangu mwenyewe."